Ngano Katika Daftari: Sarufi ya Kiswahili kwa Watoto wa Nyanda za Juu za Kigoma

Mtaala ulioboreshwa wa elimu ya awali na msingi ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa wanafunzi wa Awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Februari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo inaweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10 na kupunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Tangu hapo wananchi wamezungumza sana kuhusu mkondo wa amali, nafasi ya lugha ya Kiingereza na madarasa ya sekondari yatakayohitajika. Suala la namna mtoto wa miaka minane au tisa anavyofikia kuandika sentensi sahihi ya Kiswahili, yenye herufi kubwa mahali pake na nukta mwishoni, limezungumzwa kidogo, ingawa ndilo linaloguswa moja kwa moja na mwaka mmoja uliopunguzwa.

Kwa mtoto wa Dar es Salaam au Tanga, Kiswahili ni lugha ya uani na ya sokoni kabla ya kuwa somo. Hali ni tofauti katika Kata ya Nyabibuye, Wilaya ya Kakonko, kaskazini mwa Mkoa wa Kigoma karibu na mpaka wa Burundi. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo hadi mwaka 2012, Kakonko ilipoanzishwa pamoja na Buhigwe na Uvinza. Huko, kama ilivyo Kibondo yenyewe na Kasulu, lugha ya nyumbani ni Kiha, ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Mtoto anayeingia Darasa la Kwanza hukutana na kazi mbili kwa pamoja: kujifunza kusoma na kuandika, na kuifahamu lugha anayosomea. Mwaka mmoja ukipungua kwa wote, haupungui kwa uzito uleule kwa kila mmoja.

Ndiyo maana njia inayopendekezwa na waalimu wengi wa lugha, ya kufundisha sarufi na alama za uandishi kwa kumwandikisha mtoto ngano, inastahili kuangaliwa kwa makini katika mazingira ya nyanda za juu za Kigoma. Kwa jina la ngano hapa huhesabiwa hadithi za Sungura na Fisi, za mazimwi, za watoto yatima waliotoroka msituni, na za wafalme waliotega vitendawili. Njia yenyewe haiongezi gharama kubwa, wala haihitaji kitabu kisichokuwapo. Inahitaji hata hivyo kueleweka vizuri, kwa sababu ikitumiwa ovyo humwacha mwalimu na lundo la madaftari yasiyosahihishika na mtoto na hadithi isiyosomeka.

Sababu ya kwanza ya kuichukua njia hiyo kwa uzito iko ndani ya sarufi ya Kiswahili yenyewe. Mtoto wa Kiha anapoandika "mbuzi zilikimbia", mwalimu humwekea alama ya kosa, na kwa Kiswahili Sanifu ni kosa kweli, kwa kuwa majina ya viumbe hai huchukua upatanisho wa a- na wa-. Lakini mtoto huyo hakubahatisha. Katika lugha yake, kama katika lugha nyingi za Kibantu, jina la mnyama hufuata ngeli yake hadi kwenye kitenzi. Amefuata kanuni thabiti aliyoizoea tangu kuzaliwa. Kiswahili ndicho kilichojiwekea utaratibu wa pekee, ambapo uhai wa kiumbe hushinda umbo la neno: kifaru husimama wala hakisimami, vipepeo huruka wala havirukii mbali kwa "vi-", na kiongozi wa kijiji amefika japokuwa jina lake linaanza kwa ki-.

Kanuni hiyo ikitolewa ubaoni kama jedwali la ngeli, mtoto huikariri kwa ajili ya jaribio na kuisahau wiki inayofuata. Katika ngano, kila mhusika ni mnyama anayetenda. Ukurasa mmoja wa hadithi ya Kifaru, Kinyonga na Mbuzi humlazimu mwandishi mdogo kuchagua upatanisho huo mara kumi au kumi na tano, kila mara akiwa na sababu ya kujali, maana Kinyonga anatenda jambo fulani na lazima lisemwe. Hata pale panapokuwa na ubishi wa kweli, ngano hufundisha. Zimwi, kwa mfano, huweza kuandikwa "zimwi likanguruma" na pia "zimwi akanguruma", na msimuliaji mzuri hujua kuwa ile li- inaongeza ukubwa na kutisha. Mtoto akilijua hilo ameanza kuitumia sarufi kwa makusudi yake mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa nyakati za kitenzi. Hakuna mahali ambapo kiambishi -ka- kinaishi kwa raha kama katika masimulizi. Mwanafunzi anayeanza huandika: "Sungura alienda mtoni. Sungura aliona nyayo za Mamba. Sungura alirudi. Sungura alijificha." Hakuna kosa la kisarufi humo, ila hakuna hadithi. Mwalimu akiuliza darasa jinsi bibi angelisema jambo hilo jioni, sauti nyingi zitatoa jibu: Sungura alikwenda mtoni, akaona nyayo za Mamba, akarudi nyuma, akajificha. Hapo hapo yamefundishwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba -li- hufungua tukio na -ka- huliendeleza. La pili ni kwamba alama ya mkato hutenganisha tendo na tendo, na nukta husubiri mpaka mfululizo ukamilike. Aliyelifahamu hilo kwa sikio halihitaji kulikariri.

Hata maneno ya kufungulia hadithi yana somo ndani yake. "Hapo zamani za kale palikuwa na" ni darasa kamili la ngeli ya mahali, ile pa- ambayo watoto wengi huiona ngumu inapotolewa peke yake. Kila mtoto aliyewahi kuitikia "Hadithi njoo" amekwisha kuisikia. Mwalimu anachofanya ni kumwonyesha kuwa kitu alicho nacho mdomoni kina jina.

Kwa upande wa alama za uandishi, hoja ni nzito zaidi, kwa sababu ngano za wanyama ni mazungumzo tangu mwanzo hadi mwisho, na mazungumzo yasiyo na alama humkosesha msomaji njia. Tuchukue maneno matano yaliyoandikwa bila alama yoyote: fisi akasema sungura amekula nyama. Katika hadithi ya shauri lililofikishwa mbele ya mwami, maneno hayo yanaweza kumtia hatiani yeyote kati ya wawili hao. Yakiandikwa hivi:

Fisi akasema, "Sungura amekula nyama."

mshitakiwa ni Sungura. Yakiandikwa hivi:

"Fisi," akasema Sungura, "amekula nyama."

mshitakiwa ni Fisi. Hakuna neno lililoongezwa, lililotolewa wala lililohamishwa. Kilichobadilika ni alama za usemi, mkato na herufi kubwa, na kwa mabadiliko hayo mmoja anaachiwa na mwingine anafungwa. Mtoto wa miaka tisa huuona uzito wa jambo hilo mara moja, kwa kuwa haki na uonevu ni mambo anayoyafahamu kuliko watu wazima wanavyodhani. Ni vigumu kupata mfano wa aina hiyo katika sentensi za mazoezi kama "Juma anacheza mpira", ambazo hata zikikosa nukta hakuna anayedhurika.

Mfano huohuo unafungua suala la herufi kubwa. Sungura anapokuwa mnyama wa porini huandikwa kwa herufi ndogo. Anapopewa jina hilo kama mhusika, huandikwa kwa herufi kubwa. "Wawindaji waliona sungura wengi, lakini Sungura hakuonekana." Tofauti ya nomino ya kawaida na nomino ya pekee, ambayo hutumia ukurasa mzima wa maelezo katika vitabu vya sarufi, imekaa ndani ya sentensi hiyo moja.

Kiulizo nacho kina hadhi ya pekee katika Kiswahili. Katika lugha kama Kiingereza, mpangilio wa maneno hubadilika mtu anapouliza. Katika Kiswahili, "Simba amelala" na "Simba amelala?" hazitofautiani hata kwa herufi moja. Katika usemi kiimbo hufanya kazi hiyo, na katika maandishi kiulizo pekee ndicho kinachobaki. Mbuzi anayepita mbele ya pango la Simba anahitaji kujua kama ameambiwa habari au ameulizwa swali. Ritifaa pia isisahaulike, hasa katika nchi ya wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu: alama hiyo ndogo ni sehemu ya sauti ya neno, na mtoto anayeandika "ngombe" ameandika neno ambalo halipo. Ng'oa ni kung'oa jino au mti. Ngoa ni wivu.

Uhusiano wa ngano na sarufi una historia ndefu. Jacob Grimm, aliyetoa pamoja na nduguye Wilhelm mkusanyo mashuhuri wa ngano za Kijerumani mwaka 1812, ndiye huyohuyo aliyeanza kutoa sarufi kubwa ya Kijerumani mwaka 1819. Kwake, kusikiliza hadithi za watu na kuchunguza kanuni za lugha yao zilikuwa kazi mbili za mtu mmoja. Afrika Mashariki ina mfano wake wa karibu. Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha mwongozo wa lugha ya Kiswahili, na mwaka huohuo akachapisha mkusanyo wa ngano alizosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Sarufi aliyoiandika alikuwa ameisikia kwa wasimuliaji. Kiunguja, lahaja ya hadithi hizo, ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia usanifishaji wake katika vitabu vya shule. Hata Shaaban Robert, alipotaka kuwaandikia Waswahili nathari ya kiwango cha juu, alichukua umbo la ngano: Adili na Nduguze ni hadithi ya majini na watu waliogeuzwa nyani. Lugha inayosahihishwa leo katika madaftari ya Nyabibuye imepitia midomo ya wasimuliaji kabla ya kupitia meza za wataalamu.

Ushahidi wa kitafiti kuhusu njia hii unahitaji kuelezwa kwa uaminifu, kwa sababu haumpendelei kila mtu. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Steve Graham na Dolores Perin nchini Marekani mwaka 2007, yakihusu wanafunzi wa darasa la nne hadi la kumi na mbili, yaligundua kuwa kufundisha sarufi peke yake, mbali na uandishi, hakukuboresha uandishi wa wanafunzi. Mazoezi ya kuunganisha sentensi fupi kuwa sentensi ndefu, kwa upande mwingine, yaliuboresha. Nchini Uingereza, utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa sarufi ikifundishwa ndani ya kazi ya kuandika huleta faida, lakini faida hiyo iliwafikia zaidi wanafunzi ambao tayari walikuwa waandishi wazuri. Jaribio jingine la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022, ambalo lilihusu watoto wa miaka sita na saba, halikupata ongezeko la maana katika uandishi wao wa masimulizi baada ya kufundishwa sarufi kwa programu maalumu.

Matokeo hayo yote yametoka katika madarasa ya lugha ya Kiingereza yenye mazingira tofauti sana na ya Kakonko, na hayawezi kuhamishwa kama yalivyo. Hata hivyo yanatoa tahadhari inayofaa kuzingatiwa. Njia ya ngano ikiachwa ifanye kazi yenyewe, inaweza kumnufaisha mtoto aliyezoea vitabu na kumwacha nyuma yule ambaye hadithi zake zote ziko katika lugha ya mama. Kwa Nyabibuye, huyo wa pili ndiye walio wengi.

Hapo ndipo uzoefu wa Mkoa wa Kigoma wenyewe unapokuwa na thamani. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na Programu ya Kuinua Ubora wa Elimu, iliyojulikana kama EQUIP-Tanzania, iliyotekelezwa kuanzia mwaka 2014 kwa ufadhili wa Uingereza. Sehemu moja ya programu hiyo ilikuwa mpango wa utayari wa shule kwa watoto ambao hawakupata elimu ya awali, ambao wengi wao hawakuzungumza Kiswahili nyumbani. Watoto walifundishwa katika jamii zao na wasaidizi waliochaguliwa na jamii hizo, na mafunzo yenyewe yalijengwa juu ya vitabu vya hadithi. Uamuzi wa kuanzia kwenye hadithi ulikuwa na maana: mtoto asiyejua lugha huweza kuifuata hadithi kwa picha, kwa sauti na kwa kurudiarudia, na maneno humwingia yakiwa yamebebwa na tukio. Kigoma pia ni kati ya mikoa tisa ya Programu ya Shule Bora inayoendelea.

Mpango wa utayari ulikuwa wa kusikiliza na kuzungumza. Hatua ya kuandika ni nyingine, na ndiyo inayohitaji kupangwa. Katika shule ambazo Kiha ndiyo lugha ya watoto, busara inaelekeza kuwa hadithi isimuliwe kwanza kwa mdomo, hata kama sehemu ya usimulizi huo itafanyika katika lugha wanayoifahamu, kisha iletwe katika Kiswahili kwa pamoja, sentensi baada ya sentensi, kabla ya mtoto yeyote kushika kalamu. Sera inataka Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na hakuna kinachovunjwa hapo, kwa kuwa kinachoandikwa na kusahihishwa ni Kiswahili. Kinachopatikana ni fursa ya kulinganisha. Mtoto anayeambiwa kwamba katika Kiha mbuzi wanafuata kanuni moja na katika Kiswahili wanafuata nyingine hujifunza haraka kuliko anayeambiwa tu kuwa amekosea. Pia anaondoka na heshima ya lugha ya wazazi wake.

Ukubwa wa madarasa ndio ugumu usiokwepeka. Tangu utaratibu wa elimu bila ada uanze Januari 2016, idadi ya watoto wanaoandikishwa imeongezeka sana nchini, na licha ya ujenzi wa madarasa, wakiwamo yale 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za mpango wa maendeleo dhidi ya UVIKO-19, ambapo 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, zipo shule ambazo mwalimu mmoja bado anasimama mbele ya watoto wengi mno. Kumwambia mwalimu huyo asahihishe hadithi 80 kila juma ni kumwambia asilale. Wapo watakaosema kwa sababu hiyo kwamba mazoezi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi ndiyo pekee yanayowezekana. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inadhani kuwa kuandika ngano ni lazima kuwe kazi ya mtoto mmoja na daftari lake.

Darasa kubwa linaweza kuandika hadithi moja ubaoni. Mwalimu anashika chaki, watoto wanatoa sentensi, darasa linaamua. Ikifika Fisi anapozungumza, mwalimu anauliza alama zifunguliwe wapi na zifungwe wapi, na hasogei mpaka darasa likubaliane. Kazi hiyo inachukua kipindi kimoja na inasahihishwa papo hapo. Siku nyingine hadithi ileile inaandikwa ubaoni ikiwa imenyang'anywa alama zote, na makundi ya watoto watano watano yanashindana kuzirudisha, daftari moja kwa kundi. Madaftari 16 yanasahihishika. Katika hatua ya mwisho, mtoto anapoandika ngano yake mwenyewe, mwalimu huchagua jambo moja tu la kuangalia katika juma hilo, tuseme alama za usemi, na kuyaacha mengine yapite kwa muda. Walimu waliozoea kalamu nyekundu huliona hilo kama uzembe. Lakini ukurasa uliojaa wekundu haumfundishi mtoto kanuni yoyote. Humfundisha kuandika sentensi fupi zaidi mara ijayo, ili makosa yapungue.

Mahali pa walimu kubadilishana mbinu za namna hiyo papo. Utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unawakutanisha walimu shuleni na katika vituo vya walimu ili kujadili ugumu halisi wa darasani, na mafunzo ya ualimu kwa mkoa huo yana vyuo vyake Kasulu na Kabanga. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na taasisi hiyo, imeingiza hadithi za watoto miongoni mwa nyanja zake pamoja na riwaya na ushairi. Hatua hiyo ya mwisho ni njema, ingawa hadithi zilizoshinda zitawasaidia watoto wa Kakonko kwa kadiri zitakavyofika Kakonko zikiwa zimechapwa, na kwa kadiri baadhi yake zitakavyokuwa na mwami, shamba la maharage na Mto Malagarasi ndani yake. Mtoto huandika kwa urahisi kuhusu ulimwengu anaoujua, hata unapokuwa na mazimwi.

Wazazi nao wana sehemu yao, na si ya kununua vitu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, ngano ni za usiku; kuna miiko inayokataza kuzisimulia mchana, na wazee wengine huona ajabu shule kuzileta darasani saa nne asubuhi. Mwiko huo unaweza kutumiwa kwa faida. Mwalimu anaweza kuwatuma watoto jioni kwa bibi na babu, na asubuhi wakarudi na malighafi. Mzazi asiyejua kusoma, ambaye kwa kawaida hujiona hana la kuchangia katika kazi za shule za mwanawe, anakuwa chanzo cha somo la Kiswahili kwa hadithi ya Kiha.

Jambo lililobaki, na pengine ndilo litakaloamua yote, ni upimaji. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiswahili wa kumaliza elimu ya msingi umetegemea zaidi maswali ya kuchagua jibu sahihi, na sehemu iliyoitwa utungaji imemtaka mtahiniwa apange upya sentensi chache zilizochanganywa. Mtoto angeweza kufaulu somo hilo bila kutunga sentensi hata moja ya kwake. Zipo sababu za kiutawala zinazoeleweka: watahiniwa ni wengi, usahihishaji ni wa mashine, na majibu ya kuchagua hayana upendeleo. Lakini walimu hufundisha kinachopimwa, na wazazi hudai kinachopimwa. Mwalimu wa Nyabibuye anayetumia vipindi viwili kuandika na darasa lake hadithi ya Fisi mbele ya mwami anafanya hivyo akijua kuwa mtihani hautamuuliza mtoto yeyote jambo hilo.

Mtaala ulioboreshwa unasisitiza umahiri, yaani uwezo wa kutenda, kuliko ukariri. Wanafunzi walioanza nao Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la Darasa la Saba litamaliza. Makundi hayo mawili yataingia sekondari pamoja Januari 2028, na mjadala wa maandalizi umejikita katika vyumba na madawati. Muundo wa karatasi ya Kiswahili watakayoikuta watoto wa Darasa la Sita unastahili nafasi katika mjadala huo. Ikiwa karatasi hiyo itakuwa na hata swali moja linalomtaka mtahiniwa aandike aya moja ya masimulizi yenye mazungumzo ndani yake, na kutoa alama kwa upatanisho, kwa -ka- na kwa alama za usemi, basi kazi ya ubaoni iliyoelezwa hapa itakuwa maandalizi ya mtihani, na hakuna mwalimu atakayehitaji kushawishiwa. Ikiwa halitakuwapo, mwalimu atakayeendelea na ngano atakuwa anafanya hivyo kwa hiari yake, katika vipindi atakavyoviokoa, akiwa na miaka sita pale alipokuwa na saba.